Picha Hii Ataiangalia Nani

Alipofariki mpiga picha wetu, watoto wa mtaa wa Ngamiani tuliotawanyika kila upande tulitaka kutoa taarifa kwenye kundi letu la WhatsApp, na taarifa ya msiba siku hizi bila picha ya marehemu watu wanaipita tu. Ikatafutwa picha yake. Binti yake akapekua makabati huko Mkwaja, wajukuu wakapekua simu zao, mwisho ikabainika kwamba mtu aliyepiga picha nusu ya watu wa Tanga hakuacha hata moja ya kwake. Taarifa ikatoka na picha ya mshumaa, naye alikuwa mtu wa msikiti, mpaka aliyeituma akaona haya akaifuta.

Kisha mmoja akatuma picha ya wazazi wake siku ya ndoa yao, akaandika chini yake kwamba hii ni kazi ya mikono ya marehemu, Mungu amrehemu. Mwingine akatuma yake ya kipaimara. Ilipofika adhuhuri kundi lilikuwa limejaa nyuso: maharusi, watoto wachanga waliolazwa kifudifudi juu ya mto, vijana wa mashamba ya mkonge walioshika sikio la simu ya mezani isiyokuwa na waya. Wanaume karibu wote wamevaa koti lile lile. Tulicheka huku tunalia. Mimi sikutuma kitu. Picha niliyoitaka kwake maisha yangu yote ilikuwa moja tu, ya mama yangu, na sikuwa nayo.

Tulimwita Fundi, basi. Ngamiani mafundi walikuwa wengi, wa cherehani, wa baiskeli, wa redio, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, watu walijua unamsema yeye. Studio yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba iliyotazamana na ya bibi yangu mzaa mama, ambaye ndiye aliyenilea. Kulikuwa na kiti, kamera ya miguu mitatu, na ukutani pazia kubwa alilolichora mwenyewe: ngazi pana zinazopanda kuelekea mawinguni, na pembeni ndege ya abiria inayoruka chini mno. Nyuma kilikuwepo chumba cha giza, alikosafishia picha, na humo hakuingia mtu. Nikiwa mdogo nilimwuliza ngazi zile zinakwenda wapi.

"Zinakwenda juu," akanijibu. "Kwani we huoni?"

Lile koti lilikuwa la rangi ya majivu, la mtu mnene, na mwenyewe hasa alikuwa nani Fundi hakupata kusema. Kila mwanamume aliyeingia na shati tupu alivishwa. Kwa kuwa wengi walikuwa wembamba, Fundi alilivuta kwa nyuma akalibana kwa vibanio vya kuanikia nguo, hata mtu kwa mbele anaonekana karani wa benki na mgongoni amejaa vibanio kuanzia shingoni mpaka kiunoni. Mtoto wa sheikh alilivaa, na mtoto wa mchungaji alilivaa. Zipo nyumba ambazo baba alilivaa, mtoto akalivaa, na mjukuu akalivaa, na wote watatu wamesimama mbele ya ngazi zile zile.

Mzee mmoja wa Maramba, aliyekuja huku akiwa kijana kutoka Songea kukata mkonge na hakurudi tena kwao, alinionyesha picha yake akiwa ndani ya koti hilo. Aliniambia kwamba aliituma kwa mama yake, na mama akawaita majirani wote waje kuona jinsi mwanawe alivyokuwa bwana mkubwa Tanga.

"Mama kafa anajua hivyo," akasema. "Fundi alinisaidia kumwongopea mama yangu vizuri."

Alisema hivyo kwa shukrani kabisa. Mimi nilikaa nikamwaza yule mama, na sikujua kama nicheke au nilie.

Ila koti na simu isiyo na waya vilikuwa mapambo tu. Kazi yake hasa ilikuwa swali. Mtu amekwisha kaa, taa zimewashwa, shingo imenyooshwa, Fundi anachomoza kichwa nyuma ya kamera na kuuliza, "Picha hii ataiangalia nani?" Hata kama ni ya paspoti. Na hapigi mpaka umjibu. Ukisema mama yangu, au mchumba wangu aliyeko Korogwe, anakwambia, "Haya, basi usinitazame mie. Mtazame yeye." Anasubiri. Wewe unajiona mjinga, unatazama kioo cha kamera, na baada ya muda unashangaa umemwona huyo mtu kweli. Hapo ndipo anapobonyeza. Ndiyo maana picha zake ukizitazama unahisi kuna mtu anataka kukwambia jambo.

Mgombea mmoja wa udiwani alikuja apigwe picha ya kubandika kwenye kuta. Alipoulizwa, akajibu, "Wananchi wote."

"Wananchi wote hawana macho," Fundi akamwambia. "Nipe mmoja."

Akawaza, akajifuta jasho, akawaza tena, hakumpata hata mmoja. Fundi mwisho alimpiga hivyo hivyo kwa sababu foleni ilikuwa ndefu, na picha ikatoka kama ya mtu anayesubiri kung'olewa jino. Uchaguzi akashindwa, lawama zote akamtupia Fundi.

Na kuna binti mmoja wa Kibondei aliyeletwa na shangazi zake apigwe picha ya kumpelekea mchumba waliyemtafutia. Fundi alipouliza swali lake, binti akanyamaza. Akaulizwa tena, machozi yakaanza kumtoka. Fundi akazima taa.

"Mrudisheni nyumbani," akawaambia wale shangazi. "Leo hapa hakuna picha."

Yalizuka maneno makubwa mtaani. Shangazi walimwita mvunja ndoa za watu, wakaapa hawataikanyaga tena studio yake. Yule binti leo ni mtu mzima, aliolewa baadaye na mtu mwingine aliyemtaka mwenyewe, na siku ya msiba alituma kwenye kundi ujumbe wa sauti ambao ndani yake hamna neno, kilio tu.

Walikuwepo waliomwambia kwamba kazi yake ni haramu, kwamba anaumba sura na siku ya kiama ataambiwa azitie roho. Yeye alikuwa haachi swala, na maneno hayo yalimwuma. Alikuwa na jibu lake. "Mie siumbi kitu. Mwanga ndio unaochora. Mie nafungua mlango, nafunga." Akishasema hivyo utamkuta alasiri ameketi dirishani, miwani puani, penseli ameichonga mpaka imekuwa sindano, anamwondolea bibi harusi chunusi kwenye filamu na kumpunguzia bwana harusi kitambi.

"Fundi, na hapo napo ni mwanga?" nilimwuliza siku moja.

"Nyamaza we. Mwanga nao huchoka, ukasaidiwa."

Majina hayakukaa kichwani mwake. Watu aliwajua kwa picha walizopiga. Mama mmoja mwenye duka la nazi alimwita Aliyefumba Macho mpaka uzeeni, kwa kosa la kufumba macho mara moja tu akiwa msichana. Mimi aliniita Mpakatwa. Aliniita hivyo nikiwa na kaptura ya kuchezea, akaniita hivyo nilipokuwa mwalimu, na mkoba begani na viatu vya kisigino. Nilidhani ni utani tu wa mzee kwa mtoto aliyelelewa na bibi, sikujisumbua kuuliza.

Alijua pia kuunganisha watu. Kulikuwa na familia moja ya Kihindi, mume na mke wazee, ambao mtoto wao wa kiume alikwenda kuishi ng'ambo. Walipokuja kupiga picha, Fundi aliweka kiti kitupu katikati yao, akawapiga hivyo. Mtaa mzima ulisema amerukwa na akili. Muda mrefu baadaye mtoto akatuma picha yake ndogo, Fundi akaikata kwa mkasi wa kucha, akaipachika juu ya kile kiti, akaipiga upya, na hukuweza kuona mshono. Yule mama wa Kihindi aliichukua kwa mikono miwili, akaibusu. Nilikuwepo pale mlangoni nikaona, na wivu ulinichoma kifua, kwa sababu nilikuwa mtoto na mimi nilikuwa na mtu wangu wa kupachikwa.

Sasa nieleze habari ya mama. Mama yangu alikufa nikiwa sijaanza kutambaa. Moyo wake ulianza kumsumbua tangu aliponizaa, kifua kinambana, akapelekwa hospitali na hakurudi. Baba alikuwa mtu wa Kigoma, dereva wa lori kwenye shamba la mkonge; aliniacha kwa bibi, akarudi kwao, akaoa. Alikuja kuniona mara moja nikiwa shule ya msingi, na nilipomwomba picha ya mama, akasema zote alimwachia mkwewe.

Na mkwewe, yaani bibi yangu, alikwisha kuzitia jikoni zote. Baada tu ya matanga alizichukua, za usichana na za ndoa, akazilaza juu ya makaa moja moja. Aliamini kwamba picha ya marehemu ikikaa ukutani inamvuta, hapati kupumzika huko aliko. Wazee wengi wa pwani waliamini hivyo, na sikuwahi kumwona mkatili kwa hilo. Nadhani alikuwa anamhurumia mwanawe. Lakini hata kunieleza hakutaka. Nikimwuliza mama alikuwaje, alikuwa mrefu, alikuwa mweusi, alicheka vipi, alinipa jibu moja.

"Alikuwa mtu kama watu. Muombee dua."

Hebu fikiria, mtoto unakwenda kulala na jibu hilo.

Kwa hiyo nilivuka barabara kwenda kwa Fundi. Yeye ndiye aliyeniambia, nikiwa mdogo hasa, kwamba mama alikuja studio kupiga picha siku chache kabla ya kupelekwa hospitali. Aliyeifuata picha hiyo alikuwa bibi, nayo ikaishia jikoni kama zenziwe. "Lakini negativu ipo," Fundi akasema. Negativu ndiyo ile filamu yenyewe, ambayo weusi huonekana weupe na weupe weusi. Ukiwa nayo unaweza kusafisha picha upya hata baada ya miaka. Alizihifadhi kwenye makopo ya biskuti, yamepangwa ukutani mpaka darini.

"Ipo humo. N'taitafuta. Njoo Ijumaa."

Njoo Ijumaa lilikuwa neno lake kwa kila mteja, na kila mteja alijua kwamba hakusema Ijumaa ipi. Mimi nilikuwa mtoto, nikaamini kila Ijumaa. Nilikwenda baada ya chuo cha Kurani, na buibui langu dogo, namkuta ameshika kopo moja anapangusa vumbi. "Humu haimo. Kesho kutwa n'tafungua lile la juu." Nilirudi nyumbani narukaruka, kwa sababu la juu lilikuwa bado.

Siku moja nilichoka kungoja nikamwambia basi amchore tu. Aliyechora ngazi na ndege atashindwa mtu? Tena alimwona. Akanivuta karibu na goti lake.

"Nikikuchorea sura ya kubuni, utaipenda," akasema. "Utampenda mtu mwengine, na mama'ako utakuwa umempoteza mara ya pili. Mie siwezi kukufanyia hivyo, mwanangu."

Nilikuwa mdogo lakini nilimwelewa, nikamheshimu kwa hilo. Nikakua. Nikaenda chuo cha ualimu, bibi akafariki, nikapangiwa shule Raskazone, na bado nikipita Ngamiani nilichungulia mlangoni. "Fundi, Ijumaa imefika?" Yeye anacheka, anasema, "Mpakatwa, we huna subira."

Simu zilipoanza kupiga picha, kazi ikapungua, kisha ikakoma. Vijana walikuja studio kupiga picha za simu mbele ya ngazi zake, kwa mzaha, wakiwa wamelivaa koti. Hakuwafukuza. Aliwauliza tu swali lake, nao wakajibu, "Wote walioko mtandaoni, babu," naye akatikisa kichwa. Mwisho macho yakaingia ukungu, mwenye nyumba akataka chumba afungue duka la simu, na binti yake akaamua kumchukua akaishi naye Mkwaja.

Ilikuwa likizo, nikaenda kusaidia kufunga vitu. Kwa kweli nilikwenda kwa ajili ya makopo. Niliketi chini karibu na dirisha, nikafungua moja baada ya jingine, kila filamu nikaiinua kwenye mwanga. Watu wa Tanga wote walipita pale dirishani, na nywele nyeupe na meno meusi. Niliona koti. Niliona kile kiti kitupu kati ya wale wazee wawili. Kila mwanamke kijana aliyeketi peke yake nilimwonyesha Fundi, naye akaisogeza karibu na jicho na kusema siye. Nilipofunga kopo la mwisho niligeuka, nikamkuta ameketi kwenye kile kiti cha wateja. Sikuwahi kumwona akikikalia.

"Haimo," nikasema.

"Haimo."

"Umeipoteza?"

"Nilimpa bibi'ako." Alisema kwa sauti ndogo sana. "Alikuja kuchukua picha akaniuliza, nyengine inaweza kutoka? Nikamwambia inaweza, negativu ninayo. Akasema, nipe na hiyo. Kajitanda kanga ya msiba, hata kusimama hawezi, kashika ukuta. Ungemnyima wewe?"

"Sikuulizi habari ya bibi. Miaka yote hii ulikuwa unaniambia ipo."

"Ulikuwa ukija, ukitoka hapa unaruka," akasema. "Nikaona nikikwambia haipo, hutaruka tena."

Nilimwambia maneno. Nilimwambia kwamba aligoma kunichorea sura ya kubuni kisha akanibunia filamu, na kwamba afadhali ile sura, ningekuwa na kitu ukutani. Nilimwambia alinifanya mjinga tangu nina meno ya utotoni. Hakujitetea. Aliomba radhi, mzee yule, kaniomba radhi mimi, na mimi nilichukua mkoba wangu nikatoka. Nilikuwa na hasira na nadhani nilikuwa na haki nayo. Sikwenda kumuaga siku anaondoka.

Ikapita miaka. Habari zake nilizisikia kwa watu: haoni tena, anasahau, anawaita wajukuu kwa majina ya picha. Kisha, mwaka jana, binti yake akanipigia simu.

"Dada, samahani. Baba tangu juzi anamwulizia Mpakatwa. Mtu wa Ngamiani kaniambia ndiye wewe. Anasema ana kazi yako hajamaliza."

Nilitaka kusema sina nafasi. Nikakuta nimemwuliza gari la Mkwaja linaondoka saa ngapi.

Nilimkuta uani, juu ya kiti cha plastiki, upande wa kivuli, na kanzu iliyofuliwa mpaka ikawa laini. Alikuwa amekwisha kabisa. Mikono ile iliyokata picha kwa mkasi wa kucha ilikuwa imelala tu juu ya magoti. Macho yalikuwa meupe. Binti yake alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, akanisogezea kigoda mbele ya Fundi. Hasira niliyoibeba njia nzima iliniishia hapo hapo, nikabaki na huzuni tu.

"Shikamoo, Fundi," nikasema.

Akageuza kichwa haraka.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja? Nikajua hutakuja tena. Umechelewa, mwanga mzuri wa asubuhi umekwisha." Akaweka kichwa upande, anasikiliza. "Kifua bado kinakubana? Kaa pole pole. Usipande ngazi tena peke yako na mtoto mkononi."

Binti yake akaacha kuchambua. "Usimjali, dada. Siku hizi anachanganya watu."

Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuelewa. Uso wangu hakuuona, hakuwa na macho ya kuuona. Alikuwa amesikia sauti. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nina sauti ya mama yangu.

"Mwache," nikamwambia binti yake. "Mwache aseme."

"Mama'ako anajua umekuja?" Fundi akaniuliza.

Nikamwambia hapana.

"Haya. Mie simwambii." Mikono yake ikainuka, ikaanza kupanga hewa mbele yangu. "Kanga ishushe kidogo, tuone shingo. Mtoto mpakate mkono wa kushoto. Mpandishe kidogo, ndiyo, uso wake tuuone. Huyu Mpakatwa wako kalala, muache alale, akiamka atavuruga kazi."

Nikakunja mkono wa kushoto. Sikujiamrisha, ulikunjika. Siku ile niliyoinua filamu dirishani nilikuwa namtafuta mwanamke aliyeketi peke yake. Sikujua kwamba kwenye picha ile tulikuwa wawili. Hata angeipata, hata kama ningeiinua mimi mwenyewe kwenye mwanga, labda ningeipita.

"Inua kidevu. Hapo." Akasogeza uso mbele, kama alivyokuwa akichomoza nyuma ya kamera. "Picha hii ataiangalia nani?"

Yeye akasubiri, kama alivyomsubiri kila mtu, kisha akaitikia kwa kichwa, maana alikuwa amekwisha kusikia jibu la mtu mwingine.

"Huyu hapa, akiwa mkubwa. Enhe. Umesema vyema. Basi usimtazame mapajani. Huyo wa mapajani hajui kitu. Mtazame mkubwa. Mtazame huku, kwenye kioo. Unamwona?"

"Namwona," nikasema.

"Yukoje?"

Mungu wangu, niseme nini? Nilimtazama yule mzee, na macho yake meupe, na nyuma yake ukuta wa matope na ungo wa mchele. "Ni mtu mzima," nikasema. "Amesoma. Ni mwalimu."

"Alhamdulillahi. Mchekee basi. Usimlilie, akikuona unalia atafikiri ulikuwa mtu wa kulia, na wewe si mtu wa kulia. Hebu mchekee."

Nikajaribu. Binti yake alikuwa ameweka ungo chini, amejiziba mdomo kwa upande wa kanga.

Fundi akapiga ulimi, *ka*, ile sauti ya kamera yake ya miguu mitatu. Akashusha pumzi, akaegemea nyuma, ameridhika. Nikaona kwamba kazi inakwisha, na kwamba sitapata tena nafasi kama hiyo duniani. Nikamwuliza upesi, kwa sauti ile ile aliyoijua.

"Fundi, nimetokaje?"

Alifikiri. Vidole vyake vilikuwa vinashika penseli ambayo haikuwepo.

"Umetoka. Kidevu kimesimama, kaidi kama mwenyewe. Jicho la kushoto ndilo limelegea kidogo, usiku hukulala. N'talinyanyua kwa penseli, hawatajua."

"Usilinyanyue," nikasema. "Liache lilivyo."

"Una hakika?"

"Liache. Anataka kukuona ulivyo." Nikajisahihisha. "Anataka kuniona nilivyo."

"Haya." Akafumba macho. Uchovu ulikuwa umemjia ghafla. "Njoo Ijumaa."

Nikamwambia nitakuja. Akalala pale pale kitini, kidevu kifuani, na sikupata kuzungumza naye tena. Nilipokwenda mara nyingine hakuijua sauti yangu wala ya mtu yeyote, na mwaka haukuisha. Lakini siku ile binti yake aliinuka, akajifuta uso, akanikaribisha ndani kwa chai na mihogo. Nilisimama nikamfuata. Mlangoni akageuka, akanitazama.

"Dada, mkono unauma?"

Nikajitazama. Mkono wa kushoto ulikuwa bado umekunjwa kifuani, kiganja juu, umebeba. Nilimwambia hauumi. Nikaingia ndani hivyo hivyo, nikanywa chai kwa mkono mmoja.